"Nipe Nikupe": Maana Yake na Mpaka Wake

Kuna maneno mawili ambayo twayasikia kila siku sokoni, njiani, shambani, hata mlangoni mwa biro za serikali. Mama mwenye samaki humwambia mwenzake mwenye unga: "Dada, nipe nikupe." Vijana wawili wanaojengeana nyumba kwa zamu husema: "Kazi yetu ni nipe nikupe." Na pengine karani mwenye tamaa humnong'oneza mzee aliyekuja kuomba karatasi yake: "Baba, wewe wayajua mambo ya dunia: nipe nikupe."

Maneno ni yale yale. Je, maana ni ile ile? Mama yule ametenda haki. Karani yule ameiba. Basi yafaa tuyachungulie vizuri maneno haya, tujue yana nguvu gani, yafaa wapi, na mpaka wake ni upi. Maana mtu asiyejua mpaka wa shamba lake, hulima la jirani.

NENO LENYEWE

Tuanze na sarufi, kama waalimu waanzavyo. Tendo "kupa" ni dogo kwa herufi, lakini lina tabia ya pekee: halitembei peke yake. Twaweza kusema "ninasoma", "ninalima", "ninauza", bila kumtaja mtu mwingine. Lakini hakuna asemaye "ninapa". Hatuna budi kumtaja anayepewa: ninakupa, ninampa, ninawapa. Tendo hili lataka watu wawili sikuzote.

Tena tazameni mwisho wa maneno: nipe, nikupe. Ile herufi "e" yaonyesha nia na kusudi. Anayesema "nipe, nitakupa" anatoa ahadi. Huenda akalipa kesho, huenda mwaka ujao, huenda asilipe kamwe. Lakini anayesema "nipe nikupe" anafunga matendo mawili kwa kamba moja: unipe, ili nami nikupe. La kwanza linalivuta la pili. Ndiyo sababu maneno haya yamekuwa kama jina la kitu, nasi twasema "mambo ya nipe nikupe" au "urafiki wa nipe nikupe".

Jambo la tatu, ambalo wengi hawaliangalii: msemaji ametanguliza "nipe". Ameanza kwa kupokea, kutoa kukafuata nyuma. Mwungwana angeweza kugeuza na kusema: "Nikupe, nawe unipe." Maana katika kila mapatano kuna swali moja gumu: ni nani atakayetoa kwanza? Anayetoa kwanza ndiye anayemwamini mwenzake. Swali hilo tutalikuta tena mbele.

NDUGU ZA MANENO HAYA

Wazee wetu walikuwa na methali nyingi za ukoo huu. "Mkono mtupu haulambwi": asiye na kitu mkononi hapati wa kumbembeleza. Hii ni methali kali. Yatuonya jinsi dunia ilivyo, wala haitusifii. "Mla cha mwenziwe na chake huliwa": ukipokea karamu ya jirani, ujue siku yako ya kupika yaja. "Jifya moja haliinjiki chungu": mafiga ni matatu, na likiondolewa moja, chungu kinaanguka na wote wanalala njaa. Na iliyo tamu kupita zote: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wenyeji walitambua ya kuwa mgeni anayelishwa, yeye naye huleta kitu: habari, kicheko, mboga nzuri ambayo watoto hawakuiona tangu wiki mbili.

Wanafunzi wanaosoma Kifaransa wanajua maneno "donnant, donnant", ndiyo nipe nikupe yenyewe. Siku hizi wakubwa wa siasa na wa makampuni hupenda kusema "gagnant-gagnant", yaani kila upande utoke na ushindi. Na Warumi wa kale walisema "do ut des": nakupa ili unipe. Mmoja wa mabingwa wa sheria yao, Paulus, aliyeishi karibu na mwaka 200, aliyagawa mapatano ya namna hii katika mafungu manne. Fundisho lake likawekwa katika mkusanyo mkubwa wa sheria uliotolewa na Kaisari Justinianus mwaka 533. Mafungu hayo twayaona kila siku vijijini mwetu:

La kwanza, nakupa ili unipe. Huu ndio unga kwa samaki.

La pili, nakupa ili utende. Nakupa mbuzi, nawe unijengee ukuta.

La tatu, natenda ili unipe. Nakulimia shamba, nawe unanipa gunia la mihogo.

La nne, natenda ili utende. Leo nakusaidia kuezeka nyumba yako, kesho utapanda juu ya yangu.

Ninyi wanafunzi, jaribuni kutafuta mifano mingine nyumbani kwenu. Mtaona ya kuwa fungu la nne ndilo linalotaka uaminifu mwingi, maana kazi iliyokwisha kufanyika haiwezi kurudishwa kama mbuzi.

SOKO LA NYANGWE

Watu wengine hudhani ya kwamba biashara ya mapatano ililetwa Kongo na wageni. Sivyo. Mwaka 1871 msafiri David Livingstone alifika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika nchi iitwayo leo jimbo la Maniema. Alikuta soko kubwa lenye watu wengi sana, hasa wanawake. Wagenya, mabingwa wa mto, walikuja kwa mitumbwi na samaki na vyungu vyao. Watu wa bara walileta mihogo, mafuta ya mawese na kuku. Kila mmoja alikuwa na kilichompungukia mwenzake. Livingstone aliandika ya kuwa walipenda kubishana bei na kutaniana, wala haikuwa kazi tu, bali furaha ya maisha yao.

Aliandika na jambo lingine la kustaajabisha. Hata wanaume wa nchi mbili walipokuwa katika vita, wanawake wa soko walipita toka soko hata soko na mizigo yao, wala hakuna aliyewagusa. Kwa nini? Kwa sababu kila upande ulijua ya kuwa ukimnyang'anya mwanamke wa adui leo, kesho utakula chakula bila samaki, au samaki bila mihogo. Nipe nikupe ililinda amani mahali ambapo mikuki haikuweza kuilinda.

Lakini sikieni mwisho wake. Tarehe 15 Julai 1871 watu karibu 1500 walikuwa sokoni. Wakaingia watu wa wafanya biashara ya pembe na watumwa, wenye bunduki mkononi. Mmoja wao akaanza kubishana bei ya kuku, akamkamata yule kuku kwa nguvu. Livingstone alikuwa akiondoka sokoni. Mara bunduki zikalia. Watu wakakimbilia mitumbwi, wakasongamana, wengi wakajitupa majini na kuzama. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Habari hiyo, Livingstone alipoiandika na kuipeleka Uingereza, iliwachoma watu moyo na kuwasukuma kupigana na biashara ya watumwa.

Ugomvi wa kuku mmoja! Tuweke moyoni tofauti hii: mwenye kuheshimu mwenzake husema "nipe nikupe", mwenye bunduki asiye na haki husema "nipe" tu.

LIKELEMBA

Tuje katika siku zetu. Katika miji yetu yote, Lubumbashi, Bukavu, Goma, Kisangani, Kinshasa, watu wanafanya likelemba. Kwa wale wachache wasioijua, tutaeleza kwa mfano. Akina mama kumi wanaouza sokoni wanapatana kutoa franki 5000 kila mmoja kila wiki. Kila wiki zinakusanyika franki 50 000, na mama mmoja anazichukua zote. Wiki ya pili anachukua mwingine, mpaka zamu zote kumi ziishe. Kisha wanaanza upya.

Mtu atauliza: faida iko wapi? Kila mmoja ametoa franki 50 000 na kupokea 50 000, hakuna iliyozaa. Ndiyo, lakini fedha ya kidogo kidogo hupotea kama maji mchangani: sabuni leo, sukari kesho. Fedha iliyokuja pamoja yaweza kununua gunia zima la unga, au kulipa karo ya shule, au kutengeneza paa kabla ya mvua. Anayepokea kwanza amepata mkopo bila riba. Anayepokea mwisho amepata sanduku la akiba ambalo mwizi hawezi kulivunja, maana fedha yake imo mikononi mwa wenzake tisa.

Hapa ndipo lile swali letu linarudi: ni nani atoaye kwanza na kupokea mwisho? Yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuamini. Mama wa zamu ya kwanza akipokea na kukimbia, wenzake wote wamepoteza. Kwa hiyo wenye akili hawamweki mgeni katika zamu ya kwanza. Huwaweka kwanza wale wanaojulikana, wenye nyumba na jamaa mahali pale.

Kuna na hatari nyingine, nayo si kosa la mtu yeyote katika kundi. Miaka ya 1990 fedha ya Zaire ilianguka vibaya. Mwezi wa kumi mwaka 1993 serikali ilitoa fedha mpya, na zaire moja mpya ilikuwa sawa na zaire za zamani milioni tatu. Mwaka 1998 ikaja franki ya Kongo, na franki moja ikachukua mahali pa zaire mpya 100 000. Fikirini hali ya mama aliyengoja zamu ya mwisho katika siku zile: alitoa fedha ya kununua gunia, akapokea fedha ya kununua kopo. Hesabu ya karatasi ilikuwa sawa. Haki haikuwa sawa. Ndiyo sababu watu wengi walianza kuhesabu kwa dola. Na makundi mengine hugeuza utaratibu wa zamu kila mzunguko: aliyekuwa wa mwisho sasa anakuwa wa kwanza. Huo ni uamuzi mzuri, nasi twaushauri kwa wote.

Huko Kivu watu wengi wameingia katika vyama vidogo vya kusaidiana viitwavyo MUSO. Humo mna kisanduku cha kijani kwa akiba na mikopo, na kisanduku chekundu kwa misaada ya ugonjwa na msiba. Tazameni hekima yake: kisanduku cha kijani ni cha nipe nikupe, kila franki huandikwa na hurudishwa. Kisanduku chekundu ni cha taabu. Mwenye msiba hupewa, naye haambiwi arudishe. Wanachama hawakuvichanganya, kwa maana walitambua ya kuwa mambo haya mawili hayapimwi kwa kipimo kimoja.

NIPE NIKUPE YA UONGO

Sasa tuseme juu ya maneno haya yanapotumiwa kwa ubaya. Tutatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa zamani. Mwezi wa nne mwaka 1884 machifu wa Ngombi na Mafela, katika nchi ya Kongo ya chini, waliwekewa karatasi mbele yao na watu wa Stanley, waliokuwa wakifanya kazi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Machifu wangepata kitambaa kimoja kila mwezi kwa kila mmoja, pamoja na zawadi ya nguo siku ile. Kwa upande wao, karatasi ilisema wametoa utawala wa nchi zao, pamoja na kazi ya watu wao kila itakapohitajiwa. Kwa sura ya nje ni nipe nikupe: nguo kwa karatasi. Lakini machifu hawakuweza kusoma lugha ile, wala katika desturi yao hakukuwa na kitu kama kuuza utawala wa nchi. Upande mmoja ulijua unachopokea. Upande wa pili haukujua unachotoa.

Mfano wa pili ni matabishi. Neno hili lilitoka katika lugha ya Wareno, na kwanza halikuwa baya. Lilikuwa ni kale kazawadi kadogo ka asante baada ya kazi njema, au nyongeza ambayo muuzaji humwekea mnunuzi ili arudi tena. Lakini leo watu wengi wanadai matabishi kabla ya kazi, na kwa kazi ambayo wamekwisha kulipwa mshahara. Karani anasema: "Mimi nimepata, na mzee amepata karatasi yake, nani ameumia?" Tumjibu: ameumia mama mjane ambaye hakuwa na kitu cha kutoa, na karatasi yake iko chini ya zile nyingine tangu miezi mitatu. Watu wawili walipatana, mtu wa tatu akalipa.

Mfano wa tatu twautaja kwa huzuni, lakini wazazi na wanafunzi wanaujua. Kuna waalimu wachache wasiostahili jina hilo, wanaomwambia msichana: "Wataka pointi? Nipe nikupe." Huo si upatano hata kidogo. Mtoto anayeogopa kurudia mwaka, na aliye chini ya mamlaka ya mtu mzima, hana uhuru wa kukataa. Zaidi ya hayo, pointi si mali ya mwalimu. Ni mali ya kazi ya mwanafunzi. Mwalimu anamwuzia mtoto kitu ambacho ni cha mtoto mwenyewe. Binti akiambiwa hivyo, aseme mara moja kwa mama yake, au kwa mtu mzima anayemwamini. Na mzazi akiambiwa, asimkemee binti. Mwenye kosa ni yule mwingine. Wala wavulana wasijidhani wametoka safi: wanaopeana majibu wakati wa mtihani, nao wanamwibia mwenzao aliyekesha akisoma.

MASHARTI MATATU

Basi twaweza kujua namna gani kama nipe nikupe ni ya kweli? Kutoka katika mifano hiyo mitatu twapata maswali matatu.

Kwanza: je, kila mmoja anajua anachotoa na anachopokea? Machifu wa mwaka 1884 hawakujua.

Pili: je, kila mmoja yu huru kusema hapana? Msichana yule hayuko huru. Wala mtu mwenye njaa kali anayeuza shamba lake kwa debe la mahindi hayuko huru kabisa, na anayelinunua akumbuke hilo.

Tatu: je, hakuna mtu wa nje anayelipa faida yao? Mjane yule alilipa.

Jibu likiwa zuri mara tatu, mpeane mikono. Likiwa baya hata mara moja, msiite jambo hilo nipe nikupe. Liiteni kwa jina lake, udanganyifu au uonevu au wizi.

Maswali haya hayafai kwa mambo madogo tu. Mwaka 2008 serikali ya Kongo ilipatana na makampuni ya China juu ya shaba na kobalti ya upande wa Kolwezi: wao wachimbe madini, na kwa faida yake zijengwe barabara na hospitali. Katika kampuni ya Sicomines iliyoundwa, Wachina walishika sehemu 68 kwa 100, na Kongo 32. Fedha ya majengo iliyotajwa kwanza ilikuwa dola bilioni 6. Mwaka 2009 ikapunguzwa kuwa bilioni 3. Na mwaka 2024, baada ya mabishano ya miaka, mapatano yakarekebishwa na kutaja bilioni 7. Sisi hatuketi hapa kuwahukumu wakubwa. Lakini mkulima naye aweza kuuliza maswali yale matatu juu ya mali ya nchi yake, maana ni mali ya watoto wake. Ikiwa kipimo kilichotengenezwa mara ya kwanza kilibidi kubadilishwa mara mbili, ni alama ya kuwa kuhesabu vema mwanzoni kuna faida kuliko kulalamika mwishoni.

PALE AMBAPO NIPE NIKUPE HAIFIKI

Imebaki sehemu moja. Kuna watu wanaoishika sheria ya nipe nikupe kwa haki kabisa, hawamwibii mtu, lakini wameitia hata mahali isipostahili. Mume anamhesabia mke wake chakula. Kijana anamwambia mama yake mzee: "Nimekwisha kukulipa." Alimlipa nini? Miezi tisa ya tumboni inalipwa kwa franki ngapi?

Katika Injili ya Luka, Bwana Yesu alimwonya mtu aliyemkaribisha chakula: asiwaite rafiki na matajiri tu, ambao watamwalika nao na kumrudishia, bali awaite maskini na viwete na vipofu, wasio na cha kumrudishia. Tuangalie: hakusema ya kuwa kurudishiana ni dhambi. Alionyesha ya kuwa mtu anayeishia hapo hajafika. Wazee wetu nao walisema: "Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani."

Kwa hiyo, wapenzi, tufanye kama wale wa visanduku viwili. Sokoni, kazini, katika likelemba na mbele ya kila karatasi tunayotiwa kidole, tushike nipe nikupe kwa macho mawili wazi, tuhesabu, tuulize, tuandike. Kukubali kudanganywa si upole. Lakini mbele ya mgonjwa, yatima, mkimbizi aliyefika usiku na mtoto mgongoni, na wazee waliotulea, tuache hesabu mlangoni. Hapo neno moja tu linatosha, nalo sarufi yalikubali pasipo kuongeza la pili: nikupe.